Ushahidi wa Bi Apolonia katika Nchi ya Kadiria

Yaliyompata Bi Apolonia Ndaro katika nchi ya Kadiria yalianza kwa barua ya heshima, na barua za heshima alikuwa amezizoea. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mwalimu mkuu wa shule iliyoshika namba moja wilayani kwao, na kila aliyetaka kujua siri ya kushika namba moja alimwandikia yeye. Safari hii mwandishi alikuwa Waziri wa Usafi wa Kadiria, Bwana Sarara. Alieleza kwamba Baraza la nchi yake lilikuwa na muswada wa kukataza uchezaji wa kadi, kwa wakubwa na wadogo, na kwamba neno la mwalimu wa kigeni mwenye jina lingesaidia sana.

Bi Apolonia hakuhitaji kubembelezwa. Shuleni kwake kadi zilikatazwa toka zamani, na mtoto aliyekamatwa nazo alizichana mwenyewe mbele ya wenzake. Aliandika ushahidi wa kurasa kumi na mbili kwa mwandiko wake mzuri, akautanguliza kwa posta, kisha naye akafuata. Njia ya kwenda huko haina la kusimuliwa. Alifika salama, viatu vikiwa na vumbi kidogo.

Kwanza ieleweke kwamba kadi za Kadiria si za kamari. Kila kadi ina picha, ina jina, na chini ya jina ina mistari miwili mitatu inayosema kadi hiyo hufanya nini ikiwekwa mezani. Kuna Mhunzi, kuna Kinyonga, kuna Mafuriko, kuna Mkunga. Zote pamoja zinapita elfu mbili. Mchezaji huchagua arobaini, akazipanga apendavyo, akakaa mbele ya mwenzake aliyechagua zake, na hapo akili mbili zikakutana. Mtoto akitimiza miaka saba hupewa na serikali pakiti yake ya kwanza, iliyopigwa chapa. Nyingine zote hujipatia kwa kubadilishana na watu.

Basi wananchi wa huko wamegawanyika makundi mawili. Wako wanaozicheza, na wako wanaozihifadhi. Wanaozihifadhi huziweka ndani ya vioo, na serikali ina maofisa wenye lenzi wanaozipima na kuzipa daraja, kuanzia la kwanza hadi la kumi. Kadi iliyoguswa na kidole haiwezi kupita daraja la nne. Na kwa kuwa cheo cha mtu Kadiria hutokana na daraja la kadi zake, karibu wakubwa wote wa nchi ni watu ambao hawajagusa kadi tangu utotoni.

Bwana Sarara alimpokea mgeni wake Jumapili akampeleka moja kwa moja kwenye Nyumba ya Vioo. Alikuwa mtu mpole, mwenye glavu nyeupe, anayezungumza taratibu kama mtu anayebeba trei ya glasi. Walipita vyumba sita vya kadi zinazong'aa. Katika chumba cha saba palikuwa na kitu kimoja tu, pakiti kuukuu ambayo haijafunguliwa, na askari wawili wameisimamia.

"Hii ndiyo daraja la kumi," alisema Waziri, akainamisha kichwa. "Aliiacha babu wa babu yangu."

"Ndani mna kadi gani?" aliuliza Bi Apolonia.

"Hakuna ajuaye, mama. Ikijulikana, inashuka."

Bi Apolonia alitikisa kichwa kwa adabu. Alijiambia kwamba kila nchi ina yake.

Jumatatu alipelekwa kwenye Shule ya Kioo, shule bora kuliko zote nchini, na hapo moyo wake ulitulia, maana ilikuwa kama anaingia shuleni kwake. Madarasa kimya, mistari imenyooka, watoto wamesimama kwa pamoja na kusalimia kwa sauti moja. Ukutani zilitundikwa kadi mia nne, kila moja ndani ya kioo, na mtihani wa mwisho ulikuwa kuzitaja zote kwa jina, namba na daraja. Mwanafunzi wa kwanza, msichana wa miaka kumi na miwili aitwaye Lulida, aliitwa mbele. Alizitaja zote mia nne bila kupumzika ila mara moja, kumeza mate.

Walimu walipiga makofi. Bi Apolonia naye alipiga, kisha, kwa mazoea tu ya mtu aliyefundisha miaka mingi, akauliza swali moja la nyongeza. Alionyesha kadi ya Mkunga.

"Lulida, mwanangu, hii hufanya nini?"

"Ni daraja la tisa, mwalimu."

"Ndiyo. Lakini ikiwekwa mezani hufanya nini?"

Msichana alimtazama mwalimu wake, akatazama kadi, akarudi kwa mgeni. "Haiwekwi mezani, mwalimu."

"Si imeandikwa hapo chini?"

"Maandishi ya chini hayatoki kwenye mtihani," alisema Lulida. Alisema bila kiburi wala aibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni mlango ulipo.

Walimu walicheka kidogo kwa kuridhika. Bi Apolonia alitabasamu nao, lakini jibu lile lilimkaa. Alikuwa amewahi kulisikia, kwa maneno karibu yale yale, katika ofisi yake mwenyewe. Aliyelisema siku ile alikuwa yeye, akimjibu mzazi aliyetaka kujua kwa nini watoto hawasomi vitabu vya hadithi.

Kadiria ina sheria moja ya zamani inayosema kwamba shahidi wa Baraza sharti alale nyumbani kwa mtu ambaye ushahidi wake utamgusa. Bwana Sarara aliomba radhi kwa usumbufu huo. "Tumekusudia kuifuta," alisema, "ila nafasi haijapatikana." Hivyo Bi Apolonia akapangiwa nyumba ya mwanamke aitwaye Hiari, aliyekuwa fundi wa kadi. Kadi iliyopasuka aliibandika kwa gundi ya wanga, iliyofifia aliirudishia rangi, na mlangoni kwake watu walipanga foleni kama kwa fundi viatu. Muswada ungepita, kazi yake ingekuwa kosa la jinai.

Hiari alimkaribisha kwa uji wa moto na mkeka safi, wala hakumwonyesha uso mbaya. Alijua mgeni wake amekuja kusema nini.

"Shikamoo mama. Utatuwia radhi, nyumba ni ndogo," alisema. "Na huyu ni baba. Haongei sana."

Baba yake, Mzee Zumo, alikaa kwenye kiti cha kamba, mkono wa kulia umelala pajani kama kitu alichowekewa. Alikuwa karani wa mihuri maisha yake yote. Miaka miwili nyuma kiharusi kilimpiga, na maneno yakamtoka. Hiari alieleza huku akikoroga gundi: miezi mitano baba yake hakuweza kukiita kikombe kikombe. Alilia akitaka chumvi, kwa kuwa hakuwa na neno la chumvi. Siku moja Hiari alikuwa ametandaza kadi za wateja zikauke, na mzee akanyoosha mkono wa kushoto, akachukua moja, akaiweka juu ya nyingine mahali inapostahili kuwekwa. Akasema, "Mhunzi."

"Nikaenda jikoni nikakaa chini," alisema Hiari. "Tangu hapo tunacheza kila siku. Pointi anazihesabu mwenyewe kwa vidole. Maneno yamefika kama thelathini, yote majina ya kadi. Akitaka maji anasema Mafuriko."

"Mafuriko," alisema Mzee Zumo, kwa heshima kabisa, akimwonyesha mgeni mtungi.

Bi Apolonia alicheka kabla hajajizuia, na mzee akacheka naye.

Jumanne Hiari alimchukua baba yake kwenda Ukumbi wa Meza, na mgeni akafuatana nao. Alitarajia makelele na uvivu. Alikuta ukumbi mrefu wenye madirisha makubwa, meza sitini, na watu ambao nchini kwake asingewakuta wamekaa pamoja: hakimu na muuza mkaa, mama mjamzito na kijana wa gereji, bibi mmoja na wajukuu watatu wakibishana juu ya maana ya neno "isipokuwa" katika kadi ya Kinyonga. Ubishi ule ulichukua robo saa. Waliusoma ule mstari mara saba, wakaleta kamusi. Bi Apolonia aliyasikiliza yote, na mwalimu aliyekuwa ndani yake akajua kwamba hilo lilikuwa somo la sarufi, na somo zuri kuliko lolote alilowahi kulikagua.

Sheria za ukumbi zilikuwa chache. Anayetaka kadi ya mwenzake lazima kwanza aseme kwa sauti kwa nini anaitaka, na mwenzake aseme atakosa nini akiitoa, ndipo wabadilishane. Na ushindi hauhesabiwi mpaka mshindi amwonyeshe aliyeshindwa mahali alipokosea, na aliyeshindwa akubali kwamba ameelewa. Kwa hiyo washindi wa Kadiria huwa watu wavumilivu.

Ilikuwapo pia sheria ya majirani. Majirani walioacha kusalimiana hulazimika kucheza mchezo mmoja kila Jumanne hadi watakapopatana. Mzee Zumo alikuwa na mpinzani wa namna hiyo, jirani yake Bwana Kilindo, mtu mrefu mwenye kofia ya ukindu. Waligombana juu ya ngazi. Ngazi iliazimwa, ikarudi imevunjika kipandio, na kila mmoja akasema ilivunjikia kwa mwenzake. Miaka kumi na mmoja walikuwa wakicheza bila kusemezana.

"Baba alipolazwa," Hiari alinong'ona, "Bwana Kilindo alikuja kila Jumanne akakaa hapo mbele ya kiti kitupu, saa nzima. Karani wa ukumbi alimwambia anaweza kwenda nyumbani. Akasema sheria haijasema hivyo."

Mchana ule mwanamke mmoja mfua mabati, mwenye mikono mipana yenye makovu, alikosa mwenza, akamwomba Bi Apolonia akae. Bi Apolonia alikataa mara mbili, ya tatu akakaa. Aliazimwa kadi arobaini. Alishindwa haraka, na uso ukamwaka moto, kwa sababu hakuwa amekosea jambo mbele za watu kwa miaka mingi. Yule mfua mabati hakutabasamu. Alizirudisha kadi nyuma moja moja mpaka zamu ya nne.

"Hapa, mwalimu. Ulikuwa na Mkunga mkononi. Kwa nini hukumweka?"

"Nilimtunza. Niliona ni kadi nzuri."

"Ni nzuri ukimweka," alisema mwanamke. "Umeelewa, au nirudie?"

"Rudia," alisema Bi Apolonia, na alishangaa kusikia sauti yake imekuwa ndogo.

Waliendelea hadi ukumbi unafungwa. Alishindwa michezo mitano, akashinda mmoja, na katika huo mmoja ilimchukua muda mrefu kumfundisha mfua mabati alipokosea, maana yeye mwenyewe hakuwa na hakika ameshindaje. Ilibidi wafikiri pamoja.

Jumatano hakutoka. Alikaa kibarazani kwa Hiari akaisoma nakala ya ushahidi wake, kurasa zote kumi na mbili. Kila sentensi ilikuwa sahihi kisarufi. Aliona aibu ya ajabu, kama mtu anayesoma barua aliyomwandikia mtu asiyemjua akimtukana.

Alhamisi Baraza lilikutana. Wajumbe walikuwa sitini, kila mmoja na kioo chake kidogo kifuani. Bwana Sarara alisimama akatetea muswada kwa upole wake wote. Kadi ikichezwa inachakaa, alisema. Mtoto akishindwa anaumia. Na meza, alisema, inakalisha pamoja watu wasiolingana, hata mkubwa anaweza kusahihishwa na mfua mabati. Mjumbe mmoja wa upande wa pili aliuliza kama Waziri anakumbuka namna ya kucheza. Waziri alijibu kwamba anashukuru hakumbuki.

Ndipo Bi Apolonia akaitwa. Alisimama mikono mitupu.

"Waheshimiwa," alisema, "nilikuja kuwaambia mchezo huu unapoteza muda wa watoto. Niliyaandika hayo nikiwa sijaona. Juzi nimewaona watoto wakitafuta maana ya neno moja kwa robo saa, bila fimbo na bila mtihani. Nimemwona mtu aliyepoteza maneno yote akiyaokota moja moja kutoka mezani. Mimi mwenyewe nimeshindwa mara tano, na mara tano nimefundishwa. Katika shule yangu aliyeshindwa hafundishwi, anarudishwa nyumbani. Nawaomba msiufunge ukumbi ule."

Spika, Bi Mavere, alivaa miwani.

"Shahidi anasema kinyume cha ushahidi wake."

"Nasema nilichokiona, mheshimiwa."

"Ushahidi wako tulishaupokea," alisema Spika, bila ukali. Karani aliuinua juu ili wote wauone. Kurasa zile kumi na mbili zilikuwa zimetiwa ndani ya kioo, na pembeni pamebandikwa namba tisa. "Maandishi haya hayajaguswa tangu yafike. Ni daraja la tisa. Maneno unayosema sasa yamepita mdomoni, yametumika. Kwa kanuni zetu hayawezi kuzidi daraja la pili."

"Mmeyasoma?" aliuliza Bi Apolonia.

"Yamefungwa, mama. Tumeambiwa yanaunga mkono."

Kura zilipigwa. Muswada ulipita kwa thelathini na moja dhidi ya ishirini na tisa, na wajumbe wawili waliosita walieleza baadaye kwamba wasingethubutu kuupinga ushahidi wa daraja la tisa. Bwana Sarara alikuja kumshukuru. Alimwambia mwandiko wake ni mzuri mno, na kwamba utawekwa katika chumba cha saba.

Aliporudi, Hiari alikuwa ameshapata habari. Alikuwa anafunga makopo yake ya gundi.

"Ni maneno yangu," alisema Bi Apolonia. Alibaki amesimama mlangoni, hakudiriki kuingia. "Niliyakana, lakini ni yangu. Nisamehe, Hiari."

Hiari alikaza kifuniko cha kopo. "Nimekasirika, mama," alisema mwishowe. "Nisikudanganye. Lakini ingia ule, chakula kinapoa."

Walikula wote watatu katika sinia moja. Mgeni alikuwa huru kuondoka Ijumaa. Hakuondoka.

Jumatatu maofisa walizunguka na masanduku ya vioo. Watu wa Ukumbi wa Meza hawakufanya ghasia. Walitoa kadi zao, zilizokunjika pembe, zenye alama za chai na vidole, na maofisa walizipokea kwa koleo, nyuso zimekunjamana. Mzee Zumo alikaa kitini akatazama fungu lake likichukuliwa. Hakusema Mafuriko wala Mhunzi. Kutwa nzima hakusema kitu.

Jumanne watu walikuja ukumbini vile vile, maana hakuna sheria iliyokataza kukaa. Walikaa mbele ya meza tupu. Hakimu na muuza mkaa walitazamana. Halafu mmoja wa wale wajukuu watatu akachana karatasi ya daftari vipande vipande, akaanza kuandika. Kinyonga, aliandika, na chini yake ule mstari mrefu wenye neno "isipokuwa," bila kukosea hata nukta. Walikuwa wameubishania mno hata wasiweze kuusahau.

Hakimu aliomba kuuona muswada. Aliusoma wote, akiwa amesimama. Ulikataza kucheza kadi zilizopigwa chapa na serikali. Juu ya karatasi za daftari ulikuwa kimya, kwa sababu hakuna mjumbe aliyewaza kwamba kuna mtu anayezijua kadi bila kuzitazama.

"Sioni kosa," alisema hakimu, akakaa, akaomba kalamu.

Bi Apolonia ndiye aliyekwenda dukani kununua karatasi ngumu na mkasi. Alikaa karibu na mlango, na kwa mwandiko ule ule uliosifiwa akawaandikia wasioweza kuandika: vibarua, vikongwe, watoto wadogo. Walimtajia, naye akaandika. Alasiri Lulida wa Shule ya Kioo alisimama mlangoni na sare yake safi. Alizijua kadi mia nne kwa jina, namba na daraja. Aliuliza kama anaweza kusaidia. Yule bibi wa wajukuu watatu alimsogezea kiti, akamwambia ataje majina, wengine watasema yaliyo chini, na msichana akaanza kuandika yale maandishi ya chini kwa mara ya kwanza, midomo ikicheza.

Mzee Zumo alikuwa katika meza yake, mkono wa kulia pajani. Mbele yake Bwana Kilindo alikuwa amekwisha kujiandikia kadi zake arobaini. Alivuta kipande kingine, akakiweka upande wa jirani yake, akashika kalamu. Hiari alitaka kwenda kumsaidia baba. Bi Apolonia alimshika mkono kidogo, naye akabaki pale.

"Kivuko," alisema Mzee Zumo.

Bwana Kilindo aliandika Kivuko, akasubiri. Ile ilikuwa kadi ambayo kila mtu ukumbini aliijua. Yeye mwenyewe alikuwa amepigwa nayo mara mia. Angeweza kuimaliza akiwa amefumba macho.

"Chini imeandikwaje?" aliuliza. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka kumi na mmoja.

Mzee alimtazama. Alionyesha kidole kwenye karatasi, kisha kwa Kilindo mwenyewe, kama kusema, unajua.

"Sikumbuki," alisema Bwana Kilindo. Alivua kofia yake, akaiweka mezani. "Niambie wewe."

Meza za jirani zilinyamaza, halafu kwa adabu zikajifanya zinaendelea. Mdomo wa mzee ulijaribu, ukaacha, ukajaribu tena. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso.

"Vu," alisema. "Vusha."

Bwana Kilindo aliandika.

"Vusha. Moja." Alivuta pumzi. "Yako."

"Yako," alirudia Kilindo, akiandika polepole kuliko ilivyohitajika.

"Au," alisema Mzee Zumo. Hilo nalo, kama yaliyotangulia, halikuwa jina la kadi yoyote. Hiari alijifunika mdomo kwa kanga. "Au ya. Au ya mwenzako."

Bwana Kilindo aliweka nukta. Alipuliza wino ukauke, akakisogeza kile kipande hadi kwenye mkono wa kushoto wa jirani yake, kisha akavuta karatasi nyingine tupu.

"Haya, jirani," alisema. "Zimebaki thelathini na tisa. Mimi sina haraka."